Hizi kozi za bure za vyuo vya majuu, bure yake iko wapi?

Wasee leo nimekasirika mbaya wacha nitoe hii kitu hapa kabla nimgombeze mtu wa watu kwa nyumba. Nimemaliza kozi ya data ya chuo kimoja cha Marekani, imeandikwa wazi kabisa bure kwa kila mtu duniani, nimekesha nayo hapa Roysambu na zile bando za usiku, stima ikipotea nangoja irudi, halafu kufika kwa mtihani wa mwisho ndio napata kakufuli kadogo kando ya jina lake na chini imeandikwa lipa dola 49. Kumbe bure ni kutazama tu! Kutazama si hata YouTube ningetazama?

Haya nikakopa nikalipa. Cheti kikaja, PDF safi, nembo kubwa, jina langu halijakosewa hata herufi. Nikakipeleka kwa chuo fulani hapa town niulize kama wanaweza kuniondolea hata yuniti moja ya takwimu kwa digrii, karani wa usajili akakiangalia kwa simu yangu, akazuum pale kwa nembo, akanirudishia na kuniambia "hiyo weka LinkedIn." Kwa ofisi ya kuajiri huko Industrial Area nako swali lilikuwa moja tu, digrii iko wapi.

Sasa mniambie nani alinufaika hapo. Masomo hayajawahi kuwa shida, vitabu viko, video ziko, shida ni ile karatasi inayotambulika, na hiyo hakuna mtu alifungua mlango wake hata kidogo.

Na walivyotupigia kelele! 2011 wataalamu wawili wa kompyuta, Sebastian Thrun na Peter Norvig, waliweka kozi ya Stanford ya akili bandia kwa mtandao, watu 160,000 wakajiandikisha, mwaka uliofuata Thrun akafungua Udacity, kampuni ya kozi za mtandaoni, na kusema ati baada ya miaka 50 dunia itabaki na vyuo 10 tu. Kumi! 2013 wakajaribu kufunza wanafunzi wa chuo cha San Jose State huko California kwa njia hiyo, wengi wakaanguka, mpango ukasimamishwa, na mwaka huo huo Thrun mwenyewe akakiri kwa jarida kwamba bidhaa yao ni mbovu. Halafu Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikauliza waliokuwa kwa kozi zake za Coursera, kampuni ingine ya kozi za mtandaoni, zaidi ya asilimia 80 walikuwa na digrii tayari. Yaani sisi wa Roysambu tulikuwa wa kupambia matangazo tu, waliokula ni wale walioshiba.

Najua kuna mtu atakuja kusema nyinyi ni wavivu hamumalizi. Kwa kozi za mtandaoni za Harvard na MIT za 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa kama asilimia 3 ya waliojiandikisha, kwani dunia nzima ni wavivu? Na hiyo edX yao, tovuti ya kozi hizo waliyoanzisha 2012 kama shirika lisilotafuta faida, 2021 wakaiuzia kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na 2024 hiyo 2U ikaenda kortini kuomba kinga ya kufilisika. Coursera nayo iko soko la hisa la New York tangu 2021. Bure my foot, kama wanavyosema wazee wa Kileleshwa.

Afadhali hata Chuo Kikuu Huria cha Kenya cha 2023, hapo unalipa karo lakini unajua unalipia digrii, si picha ya kuweka kwa simu.

Sasa kama kuna yeyote hapa ambaye chuo cha Nairobi kilimpunguzia hata yuniti moja kwa cheti cha mtandaoni, aandike chuo na idara hapa chini, kesho asubuhi niko huko na foleni nitapiga. Na wale mtaingia kwa komenti kuniuzia kozi ingine, tafadhali, piteni tu.