Kuwaandaa wanafunzi wa sekondari kwa kazi za afya: sayansi zaidi, huduma ya kwanza, au kutembelea wodi?

MwalimuBaiolojia (mwanzisha mada)
Wadau, salamu. Nafundisha baiolojia sekondari. Nina wanafunzi 23 wanaotaka kazi za afya, na nimepewa saa mbili kwa wiki, mwaka mzima, niwaandae. Nimefikiria njia tatu. Kwanza, kuwaongezea kemia, baiolojia na hesabu, maana vyuo vinaangalia alama. Pili, huduma ya kwanza kwa vitendo mpaka mikono izoee. Tatu, kuwapeleka hospitali, kila mmoja afuatane na mtaalamu siku nzima, akitazama tu. Nilipowauliza wanataka kuwa nani, 19 walisema daktari. Hilo linanisumbua kuliko yote. Nyie mlio kazini, mngeanza na ipi?

Muuguzi_wa_Usiku
Mwalimu, anza na ya tatu. Niko wodini mwaka wa 14 sasa. Mimi niliingia chuo na alama nzuri, nimeukariri mfumo wa damu wote. Wiki ya kwanza wodini nikapewa mzee aliyepooza upande mmoja nimwogeshe. Nikachukua beseni nikaanza kazi, sikumwambia jina langu wala kumwomba ruhusa. Akageukia ukutani, hakunitazama tena siku ile. Sijamsahau mpaka leo.
Wenzangu wawili waliacha mwaka wa kwanza, na hakuna aliyefeli mtihani. Walikuwa hawajawahi kuiona kazi yenyewe: harufu, kusimama saa 12, ndugu wa marehemu wanaokushika mkono wakitaka jibu ambalo huna. Mtoto akiyaona hayo akiwa sekondari na bado akaitaka kazi, huyo amechagua kwa macho yake.
Ila wafunze kabla hujawapeleka. Simu zibaki shuleni. Wanachokisikia kuhusu mgonjwa hakifiki hata kwa mama nyumbani. Mgonjwa akisema hataki kutazamwa, mwanafunzi anatoka bila kuuliza sababu. Na wajue kunawa: Shirika la Afya Duniani linataka sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono chenye alkoholi. Wape saa ya ukutani wajipime, utaona wengi wanaishia sekunde kumi.

Mfamasia_Kaunta
Namheshimu dada muuguzi, lakini mimi naanza na hesabu, kwa sababu naona makosa yanakotokea. Chukua mtoto wa kilo 16. Dawa ni miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo anahitaji miligramu 240. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Anapewa mililita 10. Ni hesabu ya uwiano tu, ya darasani kabisa, lakini mtu akisogeza nukta nafasi moja amempa mtoto mara kumi ya dozi.
Kwa hiyo usiwaongezee vipindi vya hesabu ileile wanayoikimbia. Wape lebo za chupa, uzito wa watoto, chati za wodi. Mmoja akokotoe, mwenzake ahakiki bila kuona jibu, kama tunavyofanya kazini. Nimewahi kufundisha vijana hivi, na waliokuwa wakisema hawawezi hesabu walikuwa wanagombania kuhakiki.

Mkufunzi_Huduma_ya_Kwanza
Ya pili isidharauliwe. Kukandamiza kifua cha mtu mzima ambaye moyo wake umesimama ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 lakini kisizidi 6, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Kijana akijaribu kwenye sanamu ya mazoezi, dakika mbili tu jasho linamtoka, na hapo anaelewa kwa nini waokoaji hupokezana. Cheti chake hakimfungulii mlango wa chuo, huo ndio ukweli, na usiporudia mazoezi ujuzi unafifia ndani ya miezi michache. Siku moja haitoshi. Dakika 15 kila baada ya wiki chache ni bora zaidi.

Mzazi_Kidato_cha_Tatu
Naomba kuuliza. Binti yangu anapenda uuguzi lakini alizimia akiona mwenzake anachomwa sindano. Nimwambie aachane nayo?

Muuguzi_wa_Usiku
Hapana mama, usimkatishe tamaa. Hutokea kwa wengi, hata wanafunzi wa chuo. Ale kabla ya kwenda, asikaze magoti akiwa amesimama, na akihisi kizunguzungu akae chini mara moja amwambie aliye karibu. Wengi huzoea kidogo kidogo.

Mtu_wa_Hadubini
Mwalimu, kuhusu wale 19. Wauguzi na wakunga peke yao wanakaribia nusu ya wahudumu wote wa afya duniani, na Shirika la Afya Duniani linakadiria upungufu usiopungua watu milioni 10 ifikapo 2030. Watoto hawasemi mtaalamu wa maabara, wa mionzi, wa viungo au wa lishe kwa sababu hawajakutana nao. Usiwapeleke wote kwa madaktari. Mmoja akae nami siku nzima, afuatilie sampuli moja ya damu tangu inapotoka mkononi mwa mgonjwa mpaka jibu linaporudi wodini. Ataona watu wangapi wameigusa.

MwalimuBaiolojia
Nawashukuru sana, nimepata mwanga. Nilikuwa nataka kuchagua moja, sasa naona ni suala la kupanga ipi itangulie. Mwezi wa kwanza: usiri, ridhaa na kunawa, kisha ziara, na kila mmoja atapangiwa sehemu kwa kura ili wasikimbilie wote kwa daktari. Baada ya hapo hesabu za dozi kila wiki, na mikandamizo robo saa kila wiki ya tatu. Mfuatilio wa sampuli naanza nao. Mtu_wa_Hadubini, maabara moja inaweza kupokea wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja bila kuwasumbua?

Mtu_wa_Hadubini
Wawili. Wakiwa watatu wanaanza kuongea wao kwa wao.