Kusoma majarida nisiyoyazoea

Swali
Ndugu zangu, mimi ni mwanafunzi wa usanifu wa michoro, na mwalimu ametutaka tusome kila wiki jarida moja lisilohusiana na fani yetu. Wiki hii nimeangukia jarida la ufugaji wa nyuki. Maelezo ya picha yamewekwa pambizoni kwa herufi ndogo za mlazo, mbali na picha zenyewe, hata nikalazimika kuyafuata kwa kidole. Je, nisome maudhui kwanza, au nichunguze mpangilio pekee?

Jibu la kwanza
Soma maudhui kwanza, kwa maana hutajua kama mpangilio unafaa mpaka uutumie kama msomaji wa kawaida. Kidole chako kimekwisha kukuonyesha kasoro.

Jibu la pili
Naafiki, ila hata jarida la lugha usiyoijua lina faida. Neue Grafik, jarida la usanifu wa michoro la Uswisi lililotoka kati ya 1958 na 1965, lilipanga Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa katika gridi ya safu nne. Ukilitazama bila kuelewa neno, uwiano wa safu na nafasi tupu unajitokeza waziwazi. Kinyume chake, mwaka 1994 msanifu wa Marekani David Carson alipanga mahojiano katika jarida la muziki Ray Gun kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama tupu, kwa kuwa aliyaona yanachosha. (Mimi nisingethubutu.)

Muuliza swali
Nawashukuru. Nimelirudia lile la nyuki, na sasa naona kwamba maelezo yalisogezwa pambizoni ili picha za masega zijaze ukurasa mzima.