Dwijing, kando ya mto Aie: kuna aliyewahi kwenda?

Mgeni_Guwahati
Wakuu habari zenu. Niko Guwahati, jimbo la Assam, India, mwaka wa kwanza masomoni. Wenzangu wa Kibodo, kabila la huku Assam, hapa bwenini wamenialika Dwijing, tamasha la kipupwe la kando ya mto Aie, wilaya ya Chirang, mwishoni mwa Desemba. Nafikaje? Na kuna cha kuona zaidi ya jukwaa la muziki? Pesa yangu ni ya mwanafunzi.

BintiDodoma
Nenda, mdogo wangu. Mimi nilikwenda nikiwa mwaka wa pili. Panda treni hadi New Bongaigaon, halafu tafuta gari za kuchangia nauli. Beba sweta nzito, maana jua likishatua ukungu unapanda kutoka mtoni na baridi inaingia hadi kwenye mifupa.

Usisubiri usiku, fika mchana. Kaa mbele wakati wa bagurumba, ile ngoma ya akina dada ya kuiga kipepeo. Wanavaa dokhona, kitambaa kimoja kinachozungushwa kuanzia kifuani hadi kwenye vifundo vya miguu. Mikono wanaitandaza kama mbawa, taratibu, huku sifung inalia. Hiyo ni filimbi ndefu ya mwanzi yenye matundu matano. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi.

Ila kilichonitoa machozi ni chakula. Mama mmoja alinipa bakuli la narzi. Nikaonja: uchungu kidogo, utelezi kidogo. Nikamuuliza ni majani gani, akanionyesha fungu lililokaushwa. Mlenda! Mlenda mkavu kabisa, kama wa bibi yangu kule Chamwino. Tena wanautilia khardwi, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mgomba, kama sisi tunavyotia magadi. Nilimshika yule mama mkono, hatukuwa na lugha moja, tukabaki tunacheka tu.

Abuu_Tanga
Dada, sisi Waislamu je? Nasikia huko nguruwe ni mboga ya kila siku.

BintiDodoma
Ni kweli kaka, narzi mara nyingi hupikwa na nguruwe, kwa hiyo uliza kabla hujapakuliwa. Samaki wapo. Na zou ni pombe ya mchele, usije ukadhani ni togwa.

Mdogo wangu, jambo moja nakuomba: ukitaka aronai, ile skafu yao, nunua kwa aliyeifuma mwenyewe. Wanawake wengi wa Kibodo wana kitanda cha kufumia nyumbani. Usimkazie bei. Angalia kwanza yale maua ya pembeni, yanaingizwa uzi kwa uzi. Yangu ninayo hadi leo.

Mgeni_Guwahati
Asante sana dada. Nimemsomea mwenzangu hapa habari ya mlenda, anasema mama yake ndiye atakayepika. Unga wa sembe ninao kilo moja na nusu, naubeba.

BintiDodoma
Beba na mwiko.