Magitaa ya nyuzi 12 ya bei chee: tunauziwa mbuzi kwenye gunia

Wakuu, habari za majukumu.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kama unauza magitaa, soma mpaka mwisho. Kama unajipanga kununua gitaa kavu (lisilotegemea umeme) la nyuzi 12 kwa bajeti ndogo, shika hela yako kwanza.

Ninachosema ni kimoja. Gitaa la nyuzi 12 halilipiwi mpaka nyuzi zote zikazwe hadi sauti yake halisi mbele ya macho yako, na likae hivyo walau nusu saa. Duka linalokukatalia hilo linajua linachokificha.

Kwaya ya vijana kanisani kwetu ilichanga hela, mia tano mia tano, mpaka ya gitaa ikapatikana. Kamati ikalipa kwa simu, mimi mpiga gitaa nikatumwa Kariakoo kulichukua. Jina la duka naliacha. Nafika, magitaa yametundikwa ukutani, na yale ya nyuzi 12 yote yamelegezwa mpaka nyuzi zinalala juu ya freti, vile vyuma vya shingoni. Nikaomba nilityuni. Jibu: "Bosi wangu, ukikata uzi unalipa. Nenda ukatyuni nyumbani, mali mpya hiyo." Nikauliza uso wa gitaa ni mbao nzima au plaiwudi. "Mbao nzima kabisa, orijino." Nikauliza kama shingo ina uti wa chuma ndani, ule unaoizuia isipinde. Akanionyesha kile kifuniko cheusi cha plastiki kichwani: "Si huo hapo?" Nikaomba basi hela irudi. Akaigeuza risiti, nyuma pamegongwa muhuri kuwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Kabla ya Pasaka briji, kile kibao cha usoni kinachoshikilia nyuzi, ilikuwa imeshaanza kung'oka. Ukingo wake wa nyuma ulinyanyuka kiasi kwamba ile risiti yao ilipita chini yake bila kusukumwa. Uso ukavimba nyuma ya briji na kudidimia mbele yake, nyuzi zikapanda juu, kodi ya F (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ikawa haishikiki hata kwa kijana mwenye vidole vya fundi seremala. Tukampelekea mzee mmoja anayetengeneza magitaa Temeke. Akafungua skrubu mbili za kile kifuniko cheusi kichwani. Chini yake hapakuwa na chuma, wala nati, wala tundu. Mbao tupu! Mtu kiwandani alikata kipande cha plastiki, akakipigilia hapo ili mnunuzi aamini kuna kitu ndani. Hiyo si bei rahisi, huo ni utapeli.

Tukarudi dukani. Wakasema, "Mmekaza sana." Tumekaza kwa tyuna (kipima sauti), E ni E, hakuna uzi uliopita sauti yake. Kama gitaa haliwezi kubeba sauti lililotengenezewa, mmeuza pambo la ukutani, na mngesema hivyo tangu mwanzo.

Wengi mnasema "gitaa ni gitaa", kwa hiyo tuwekane sawa. Seti ya kawaida ya nyuzi 6 za gitaa kavu, ile inayoanzia namba 12 kuishia 53 (namba ni unene wa uzi), inavuta kwa nguvu ya kama kilo 74. Seti ya nyuzi 12 inayoanzia namba 10 kuishia 47, ambayo ni nyepesi, inavuta kwa zaidi ya kilo 110. Mzigo huo uko juu ya gitaa usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Ndiyo maana gitaa la nyuzi 12 linalotengenezwa kwa heshima lina shingo iliyoimarishwa, fito za ndani zenye nguvu na ubao mgumu chini ya briji. Haya tunayoletewa, kiwanda kinachukua bodi ya gitaa la nyuzi 6, kinarefusha kichwa, kinatoboa matundu 12, basi. Kwa macho ni gitaa la nyuzi 12. Kwa mzigo halijawahi kuwa.

Halafu kuna hili la nyuzi, ambalo ndilo limenichosha kabisa. Ukiuliza seti ya nyuzi 12 unaambiwa, "Chukua seti mbili za nyuzi 6, ni kitu kile kile." Jamani! Nyuzi 12 ni jozi sita. Jozi za E nyembamba na B zinafanana, sawa. Lakini jozi za G, D, A na E nene, kila uzi mnene una mwenzake mwembamba unaolia oktava moja juu, yaani sauti ile ile lakini ngazi ya juu. Huo wembamba ndio unaoleta ule mng'aro unaofanya gitaa moja lisikike kama mawili. Mwenzake wa G kwenye seti nyepesi ni namba 8, yaani kama sehemu mbili za kumi za milimita, mwembamba kuliko nyuzi zote kwenye gitaa, na ndio unaokatika mara nyingi. Ukiweka seti mbili za nyuzi 6, mng'aro unapotea, na gitaa linabebeshwa karibu kilo 150. Ukijaribu kuupandisha ule uzi mnene wa G ufike oktava ya juu, unakatika usoni mwako. Muuzaji anayetoa ushauri huo ndiye anayeua magitaa, halafu gitaa likifa anasema tumekaza sana.

Sasa ukienda dukani, nenda na tyuna ya kwenye simu, rula ya chuma na tochi. Angalia ukingo wa lile tundu la sauti. Mbao nzima utaona mistari ya nyuzi za mti inashuka kwenye ukingo mpaka ndani bila kukatika. Plaiwudi utaona matabaka, na mara nyingi wanapaka rangi nyeusi pale ili usiyaone. Plaiwudi yenyewe si dhambi, gitaa la plaiwudi linaweza kuishi miaka mingi. Dhambi ni kuitwa mbao nzima na kulipishwa kama mbao nzima.

Uti wa chuma uone kwa macho yako. Ama kifuniko cha kichwani kifunguliwe uione nati, ama umulike kupitia tundu la sauti uone tundu la spana mwisho wa shingo. Akikataa kufungua skrubu mbili, ondoka.

Kisha kaza nyuzi zote na usubiri. Bonyeza uzi wa E nene freti ya kwanza na ya 14 kwa wakati mmoja, uangalie mwanya freti ya saba: upenyo wa karatasi ngumu ni sawa, ukipita sarafu shingo imepinda. Pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12. Milimita 2 na nusu upande wa E nene ni vizuri, 3 unavumilika, 4 na kuendelea gitaa la nyuzi 12 linakuwa adhabu kwa sababu kila kidole kinabonyeza nyuzi mbili. Na hapa kuna mtego. Angalia kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi juu ya briji. Kama kimeshachongwa mpaka kimebaki kidogo sana na nyuzi bado ziko juu, pembe ya shingo imeshaharibika, na kuing'oa shingo na kuipachika upya ni gharama kubwa kuliko gitaa lenyewe. Magitaa ya mtumba yanaumwa sana ugonjwa huu. Uso kutuna kidogo nyuma ya briji ni kawaida kwa nyuzi 12. Briji kuinama mbele si kawaida.

Upana wa shingo pale kichwani nyuzi zinapoanzia upime pia. Gitaa la nyuzi 6 lina kama milimita 43. La nyuzi 12 linataka 46 mpaka 48. Ukikuta 43 yenye nyuzi 12, hata mwenye mikono ya mtoto hatapiga D bila kugusa uzi wa jirani.

Mtaniuliza basi ninunue lipi. Yamaha FG820-12 ndiyo ninayoitaja kwanza kwa mtu wa hela ndogo: uso wa sprusi ya mbao nzima, mgongo na mbavu za mkangazi, na halina mapambo ya kukupandishia bei. Ukitaka la kuchomeka kwenye spika kuna Fender CD-60SCE-12 na Takamine GD30CE-12, nayo yana uso wa mbao nzima. Seagull Coastline S12 la Kanada lina uso wa mwerezi, sauti yake ni laini zaidi, ila kulipata huku ni kwa kuagiza. Hakuna hata moja hapo la bei ya kutupa. Kama bajeti haifiki, tafuta mojawapo kwa mkono wa pili, ulipime kama nilivyosema, kuliko jipya lisilo na jina wala chuma.

Hata hilo zuri, lityuni toni moja chini, D mpaka D, uweke kapo (kibanio cha shingoni) freti ya pili ukitaka sauti ya kawaida. Mvutano unapungua kwa karibu asilimia 20. Hili si jambo la kubuni. Lead Belly wa Louisiana alipiga gitaa la nyuzi 12 aina ya Stella, na Stella yalikuwa magitaa ya watu wa kipato cha chini Marekani. Aliyashusha chini mno kuliko sauti ya kawaida, na nguvu yake mpaka leo haijapata mpinzani. Bei ndogo haikuwa tatizo kamwe.

Tena sisi tunajua thamani ya uzi wa oktava. Wapiga rumba wa Kongo wana ile mi-composé, wanatoa uzi mnene wa D wanaweka mwembamba unaolia oktava juu, na gitaa linang'aa papo hapo. Na wazee wetu waliyaita magitaa makavu galatoni kwa sababu ya Gallotone za Afrika Kusini, magitaa ya bei ya chini kabisa. Gallotone Champion, lile ambalo John Lennon wa Beatles alianzia nalo, lilikuwa na karatasi ndani iliyoahidi kwamba halitapasuka. Kiwanda cha gitaa rahisi miaka ya 1950 kilithubutu kuweka neno lake kwenye tumbo la gitaa. Ninyi leo mnagonga muhuri wa "hairudishwi".

Kwa wauzaji mliomo humu: tundikeni magitaa ya nyuzi 12 yakiwa yamekazwa, hata kama ni toni moja chini. Andikeni kwenye risiti uso ni mbao nzima au plaiwudi. Leteni seti halisi za nyuzi 12, hasa nyuzi za akiba za namba 8. Mteja akiomba kuona nati ya shingo, mpeni bisibisi.

Na wadau, anayejua duka Dar, Arusha au Mombasa ambalo linaruhusu kutyuni kabla ya kulipa, aandike hapa liko mtaa gani. Briji yetu iko kwa fundi, kwaya inaimba na kinanda peke yake, na vijana wameanza kuchanga upya.