Mjadala: Ubingwa wa wazi wa gofu ya wanawake Uganda, ubaki wa ridhaa au pesa iwekwe mezani?

Mtoa mada, Kampala

Wakuu, kwenye mashindano ya klabu moja, jina naliacha, dada aliyeshinda alipewa maikrowevu. Kwao umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, wananunua wa elfu tano tano. Wiki haikuisha, maikrowevu ilishauzwa kwa bei ya kutupa. Mwanamume wa kulipwa akishinda anahesabiwa noti. Ukiuliza unaambiwa dada ni mchezaji wa ridhaa, pesa haruhusiwi.

Hoja yangu: ubingwa wa wazi wa wanawake Uganda uwapokee na wachezaji wa kulipwa, wacheze pamoja na wa ridhaa, na fungu la pesa litangazwe mapema.

Hii ridhaa waliianzisha wenye nacho. Uingereza, 1893, Issette Pearson na wenzake waliunda Ladies' Golf Union, chama cha gofu ya wanawake. Horace Hutchinson, mwanagofu mwenye jina kubwa, alipoombwa ushauri alijibu kwa barua kwamba wanawake hawataweza kamwe kuungana wakafanikisha jambo. Mwaka huohuo wakacheza ubingwa wao wa kwanza kule Lytham & St Annes. Aliyeshinda, Lady Margaret Scott, alikuwa binti wa lodi. Akashinda tena 1894 na 1895. Marekani wakafuata Novemba 1895, kiwanja cha Meadow Brook, New York: wanawake 13, mashimo 18, na Lucy Barnes Brown akashinda kwa mikwaju 132. (Mikwaju 132! Na kwenye gofu anayepiga michache ndiye mshindi. Pale Kitante, kiwanja cha Kampala, hata mgeni wa Jumamosi angeona haya kuisaini kadi hiyo.) Hawakuwa wabaya, ila hawakuwa na shida ya nauli. Binti wa lodi akipewa kombe, kabati la kuliweka analo.

Sisi tumerithi sheria bila kabati. Mkono mtupu haulambwi, jamani.

Mchangiaji wa Jinja

Mdogo wangu, hasira yako naielewa, lakini unamshika mtu asiye mwizi. Sheria za ridhaa zilibadilishwa Januari 2022. Leo mchezaji wa ridhaa anaruhusiwa kupokea zawadi ya hadi dola 1,000, au pauni 700, na inaweza kuwa pesa taslimu, mradi ushindani uwe wa mikwaju halisi bila kupunguziwa hendikapu, yaani ile mikwaju anayosamehewa mchezaji kulingana na kiwango chake. Na mfadhili akitaka kutumia sura yake kwenye tangazo na kumlipa, ruksa. Dola 1,000 ni zaidi ya shilingi milioni tatu za kwetu. Kwa hiyo huyo dada wa maikrowevu hakunyimwa na ridhaa. Alinyimwa na waandaaji ambao ama hawasomi, ama wanapenda picha ya kukabidhi boksi kubwa.

Huku kwetu mpira ukitumbukia kwenye nyayo za kiboko unauokota na kuuangusha pembeni bila adhabu. Klabu ikitaka, sheria inatungwa kulingana na mahali ilipo. Kinachokosekana ni nia.

Mama wa Entebbe

Wanangu, mnazungumzia zawadi kama vile maisha ya binti yanaishia siku ya kugawa vikombe. Akijitangaza wa kulipwa, atacheza wapi? Kenya Ladies Open kule Vipingo, pwani ya Kenya, iliyoanza 2019, walikuwa wakija wachezaji wa Ulaya na makocha wao. Sunshine Ladies Tour, mfululizo wa mashindano ya wanawake wa kulipwa, iko Afrika Kusini. Tikiti, hoteli, kedi wa kumbebea begi la fimbo, vyote juu yake. Akikosa mchujo wa mzunguko wa pili anarudi na deni.

Akibaki wa ridhaa, njia ya vyuo vya Marekani na ufadhili wao wa masomo iko wazi. Hata Augusta National, klabu ya Marekani iliyokuwa haina mwanachama mwanamke hadi 2012, tangu 2019 ina mashindano ya wanawake, na ni ya ridhaa peke yake. Jennifer Kupcho alishinda ya kwanza akiwa bado mwanachuo. Mimi msichana wa miaka 17 simwambii aitupe nafasi hiyo kwa sababu ya milioni tatu.

Mchangiaji wa Bombo

Mama, heshima yako, lakini huyo wa miaka 17 unayemsema amefikaje kiwanjani? Nyote mmeanzia kwenye zawadi. Mimi naanzia getini.

Ann Gregory, mwaka 1956, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kucheza ubingwa wa ridhaa wa wanawake wa Marekani. Mwaka 1959 mashindano yalikuwa klabu ya Congressional, karibu na Washington. Kucheza alicheza, ila chakula cha jioni cha wachezaji alizuiwa kuingia. Kadi ya mikwaju anayo, kiti mezani hana. Na msifikiri ni mambo ya kale tu: klabu ya R&A kule St Andrews ilipiga kura ya kupokea wanawake 2014, na klabu ya Muirfield, nayo ya Scotland, 2017.

Kwetu Entebbe na Kitante viwanja ni vya zama za mkoloni, zaidi ya miaka mia. Flavia Namakula, Eva Magala na Irene Nakalembe wameshalibeba kombe la wazi la wanawake Uganda, na nawavulia kofia. Lakini msichana anayebeba begi la mwenye klabu asubuhi, jioni anapiga mipira kwa fimbo ya kuazima, akiangalia saa asifukuzwe. Ada ya kiwanja hana, hendikapu rasmi hana kwa sababu si mwanachama, na bila hendikapu fomu ya mashindano haipokelewi. Kwa huyo, ridhaa na kulipwa ni hadithi za watu wengine.

Mtoa mada

Kaka wa Bombo, hapo umenipa pa kushika. Suala la wachezaji wa kulipwa silitupi, nitalirudisha. Kwa sasa naomba mawili yaandikwe kwenye fomu ya mwaka ujao: kiasi cha pesa kwa mshindi wa mikwaju halisi, na idadi ya nafasi za wasichana makedi watakaopewa hendikapu na klabu bila kulipia uanachama. Mzee wa Jinja, wewe ni mwanachama mwenye kura. Utaipeleka kwenye mkutano mkuu au tuishie hapa?

Mchangiaji wa Jinja

La hendikapu napeleka. La pesa mlete mfadhili kwanza.