Tupeane uzoefu: siafu wakivamia parseli (kiwanja cha nyumba) usiku, kipi kinafanya kazi?

Mfugaji wa Panzi
Mvua imerudi hapa kwetu Panzi, Bukavu, udongo umelowa, na siafu wameanza kutoka. Tupeane uzoefu wa vitu vinavyofanya kazi, na sababu yake. Naanza na banda kwa kuwa hasara huanzia hapo. Banda la kuku, sungura au dende (simbilisi) liinuliwe kwa miguu ya sentimita 50. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya injini, kina cha vidole vitatu. Maji matupu hayatoshi: jua linayakausha, majani na vumbi vinaelea juu yake, halafu siafu wanashikana miguu wao kwa wao na wenzao wanavuka juu ya migongo yao. Mvua nayo ikijaza kopo, mafuta yanamwagika kwenye udongo na ulinzi unakwisha. Kwa hiyo pigilia kipande cha bati kuzunguka mguu, juu kidogo ya kopo, kikinge maji.

Mama wa Bagira
Kweli kabisa. Na kamba ya kuanikia nguo isifungwe kwenye banda, wanapita juu yake.

Mfugaji wa Panzi
Asante mama. Na tawi la mparachichi vilevile, na bua la muhindi lililoegemea ukuta. Acha nafasi tupu pande zote, angalau sentimita 30. Ukikagua makopo manne ukasahau jani moja la mgomba linalogusa paa, ni sawa na kutofanya kitu.

Kijana wa Majengo, Goma
Wakubwa, kwa nini tusiwamalize kabisa? Kuna video nyingi: unachemsha maji, unamwaga kwenye kichuguu chao, au unawawekea chambo chenye sumu, malkia anakufa, kwisha.

Agronomu, Bukavu
Mdogo wangu, video hizo zinaonyesha mdudu mwingine. Yule ni Solenopsis invicta, wa asili ya Amerika ya Kusini, aliyeingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930. Anajenga kifusi cha udongo kwenye nyasi, anakaa hapo, na anachoma kwa mwiba wa nyuma wenye sumu. Kesho yake ngozi inatoa kipele chenye kichwa cheupe. Kwa huyo, chambo cha chenga za mahindi zilizolowekwa mafuta ya soya na sumu ya polepole kinafaa, maana vibarua wanakibeba mpaka kwa malkia. Maji ya moto, lita 10 au zaidi kwa kila kifusi, yanaua vifusi kama 6 kati ya 10, na si vyote.

Siafu wetu ni Dorylus. Anauma kwa meno, hana shughuli na chenga za mahindi, anataka nyama: wadudu, mayai, vifaranga. Kiota chake ni cha muda, chini ya kisiki au kwenye mizizi ya mgomba, na malkia yuko chini sana, wakati mwingine zaidi ya mita moja. Kundi moja ni mamilioni ya siafu. Ukimwaga ndoo mbili za maji ya moto unaua walio mlangoni, waliobaki wanatawanyika parseli nzima wakiwa na hasira, na mgomba wako umeiva mizizi. Kabla ya kutafuta dawa, jua ni mdudu gani.

Mzee wa Kadutu
Mambo mengi. Petroli lita moja kwenye shimo, kiberiti, basi. Tangu zamani njo tunafanya vile.

Fundi mbao, Himbi
Muzee, kwa heshima, usimwambie mtu wa Goma hivyo. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimebanana, na chini ni mawe ya volkano yenye nyufa. Petroli ikiingia ufa mmoja, mvuke wake unatokea kwingine, pengine chini ya sakafu ya jirani. Kiberiti kimoja na avenyu yote inaungua.

Mzee wa Kadutu
Kadutu hakuna mawe hayo.

Fundi mbao, Himbi
Lakini nyumba zimebanana vilevile, muzee.

Agronomu, Bukavu
Hata bila moto, petroli na mazutu (dizeli) vinaharibu udongo. Bustani ya mboga za lengalenga iliyo karibu haitaota vizuri, na mvua inateremsha yote kwenye mfereji, mfereji unateremsha ziwani. Na petroli haifiki huko chini aliko malkia.

Mzee wa Kadutu
Sawa. Basi mtuambie mtu afanye nini saa nane ya usiku, siyo kutuambia asifanye nini tu.

Mama wa Ndosho, Goma
Muzee ana haki, ni saa ile ndiyo watu wanapotea. Niwaeleze yaliyotokea kwenye banda moja la avenyu yetu, maana kila hatua ina funzo.

Kuku wakubwa kumi na kitu, mmoja ameatamia. Mvua ya jioni ilikuwa imekatika. Banda limekaa chini, juu ya mawe, mlango umefungwa kwa waya kwa sababu ya wezi. Siafu walitokea kwenye nyufa za mawe ndani kwa ndani, hawakupita mlangoni. Kuku walianza kupiga kelele, mwenyewe akadhani ni mwizi, akazunguka nje kwa tochi akimulika ukuta. Hakumulika chini. Alipofungua ule waya, kuku waliokuwa juu ya kijiti walitoka mbio na wakapona, wote. Waliokuwa sakafuni walikuwa wamejaa siafu machoni, puani na chini ya mabawa. Aliyeatamia hakuinuka. Kuku mwenye mayai haachi mayai, anauawa hapo hapo. Asubuhi mayai yaliyokuwa karibu kuanguliwa yalikuwa maganda.

Kwa hiyo: kelele ya kuku usiku baada ya mvua, mulika chini kwanza. Fungua mlango kabla ya kitu kingine chochote, kuku huru anajiokoa mwenyewe. Mbuzi aliyefungwa, mkate kamba. Sungura na dende hawawezi kutoka, beba kizimba chote. Aliyeatamia mtoe kwa mikono, umetia soksi na mifuko ya plastiki.

Dada wa Katindo
Maskini yule kuku. Mambo ya kijiti sikuyajua, asante mama.

Kijana wa Majengo, Goma
Na mtoto mchanga ndani ya nyumba?

Muuguzi, Bagira
Mtoto ndiye wa kwanza kutoka, kabla ya kuku, kabla ya nguo. Siafu wanaingia puani, masikioni na mdomoni. Mtoe nje ya mstari wao, mvue nguo zote, kagua mikunjo ya shingo, makwapa, kati ya vidole, nyuma ya masikio. Siafu mmoja mmoja mshike kichwani umvute. Ukivuta kiwiliwili kinakatika na meno yanabaki yameng'ata. Kisha osha kwa maji ya baridi na sabuni. Uvimbe ukiwa mdogo, kitambaa cha maji baridi kinatosha. Midomo au macho yakivimba, au akipumua kwa shida, hospitali usiku huo huo.

Tafadhali msimpake mtoto petroli. Inaunguza ngozi, na mvuke wake unaingia mapafuni.

Mzee wa Kadutu
Ile ya petroli kwa ngozi nakubali, haifai.

Agronomu, Bukavu
Sasa nijibu swali la muzee. Usikanyage mstari katikati. Siafu aliyepondwa anatoa harufu ya hatari, na askari wanatawanyika mita kadhaa kila upande. Tembea pembeni na tochi mpaka ujue wanatoka wapi na kichwa cha mstari kiko wapi. Ziba mbele, siyo katikati.

Kizuizi cha kwanza ni majivu. Yawe makavu, yaliyochekechwa, upana wa viganja viwili, unene wa sentimita tatu, bila pengo. Majivu laini yanateleza chini ya miguu yao na kuziba viungo. Yakilowa umande au mvua yanashikana, na wanapita juu yake tu. Weka akiba ya debe zima mahali pakavu, kwa sababu usiku wenyewe hutapata majivu baridi. Ukichota ya moto kwenye mbabula (jiko la makaa) kwa haraka utaanzisha mengine.

Cha pili ni maji ya sabuni: vijiko viwili vya mezani vya sabuni ya unga kwa lita moja, unanyunyiza kichwa cha mstari. Sabuni inafanya maji yaingie kwenye matundu yao ya kupumulia. Inaua wanaolowa tu, haizuii wanaofuata, kwa hiyo itumie kurudisha mstari nyuma, halafu umwage majivu.

Mama wa Bagira
Wengine wanawaacha wapite. Wakiingia jikoni wanamaliza mende, kunguni, hata watoto wa panya kwenye dari.

Dada wa Katindo
Kuwaacha ndani ya nyumba yenye watoto? Hapana, mama.

Mama wa Bagira
Watoto unawapeleka kwa jirani, dada. Unafunga unga, nyama na maziwa kwenye vyombo vya mfuniko, unafungua makabati na kuinua magodoro ili wafike kwenye nyufa, unatoka. Baada ya saa chache wamekwenda. Nyunyiza dawa wakiwa ndani uone: wanapanda ukutani, darini, kitandani, na wanakaa usiku kucha.

Muuguzi, Bagira
Hapo mama yuko sawa, mradi hakuna mgonjwa asiyeweza kutembea ndani. Kagua vyumba vyote kwanza.

Yaya wa Katuba, Lubumbashi
Huku kwetu shida kubwa iko kwenye miembe: majimoto, wale wekundu wanaoshona majani. Jirani anataka kuukata mti mzima. Mnasemaje?

Agronomu, Bukavu
Asikate! Majimoto wanawinda wadudu na kuwafukuza nzi wa matunda, mwembe wenye nao unatoa maembe yenye funza wachache. Kata matawi yanayogusa paa na ukuta tu. Siku ya kuchuma, chuma asubuhi mapema wakiwa wazito kwa baridi, paka majivu mikononi mpaka kwenye viwiko, na tumia mti mrefu wenye ndoano.

Yaya wa Katuba, Lubumbashi
Anasema wanazaa chawa wa mimea, wale weupe kwenye matawi.

Agronomu, Bukavu
Hawazai, wanawalinda kwa ajili ya utamu wao. Ni kweli wanaweza kuwazidisha. Tawi lililojaa weupe hao likatwe lichomwe mbali. Mti ubaki.

Dada wa Katindo
Na wale wadogo sana kwenye sukari? Hao hawamalizwi na majivu.

Fundi mbao, Himbi
Kwa wale chambo kinafaa, dada, kwa sababu wana kiota cha kudumu ukutani. Asidi boriki ya unga, kutoka famasi. Nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha mililita 250 cha maji ya uvuguvugu, sukari vijiko vitatu vya mezani, koroga mpaka iyeyuke yote. Lowesha pamba, weka kwenye kifuniko cha chupa karibu na njia yao. Watu wanakosea kwa kuongeza dawa: ikizidi, vibarua wanakufa njiani kabla ya kuwalisha walio ndani. Siku za mwanzo watakuja wengi kuliko kawaida, usiwafagie. Badilisha pamba ikikauka. Weka mbali na watoto na kuku.

Mfuga nyuki, Kabare
Wenye mizinga msisahau. Siafu wanamaliza mzinga wote usiku mmoja, asali, majana (watoto wa nyuki) na nyuki wenyewe. Ning'iniza mzinga kwa waya mwembamba, siyo kwa kamba ya katani, na paka grisi nzito sentimita 15 za waya juu ya mzinga. Vumbi likiganda juu ya grisi, futa upake upya, hasa kabla ya mvua.

Mfugaji wa Panzi
Swali la mwisho kwa agronomu. Kiota kiko chini ya mgomba ndani ya parseli, udongo mlaini umemwagwa pembeni. Nisubiri au nihame na kuku?

Agronomu, Bukavu
Wanakaa siku kadhaa au wiki chache, chakula kikipungua wanahama. Ukiona mstari mmoja mnene unaenda upande mmoja tu, wengi wamebeba vitu vyeupe chini ya tumbo, hao ni watoto wao, wanahama. Inaweza kuchukua zaidi ya siku moja. Usiwaguse, usizibe mbele yao, ukiwazuia watarudi pale pale. Mpaka hapo, kuku walale upande mwingine wa nyumba, makopo ya mafuta ukague kila jioni.

Mfugaji wa Panzi
Vyeupe nimeviona leo asubuhi, wanaelekea kwenye mfereji wa chini.

Agronomu, Bukavu
Basi mwambie jirani wa chini ainue banda lake leo, kabla ya giza.