Mrejesho: Kucha ya binti yangu iliyoota kuingia ndani ya nyama
Nawashukuru kwa dhati nyote mlionishauri nilipouliza kuhusu binti yangu wa miaka 9, ambaye kucha ya kidole gumba cha mguu ilikuwa ikimchoma nyama hadi akachechemea. Kuloweka mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi kulipunguza uvimbe, lakini pamba ya kuinua pembe ya kucha haikufaa, kwani ilichomoka kila alipovaa soksi. Usaha ulipotokea tulikwenda kituo cha afya, ambako daktari alimchoma sindano ya ganzi, akakata ukingo uliozama. Sasa anatembea vizuri. Kucha tunazikata kwa kunyoosha bila kuchonga pembe, na viatu vya shule vilivyombana tumevibadilisha. Upande wa pili ungali mwekundu kidogo, nasi tunaendelea kuuloweka.